Namna ya Kuitazama Lulu Iliyochorwa

Mgeni akifika mbele ya Eleonora wa Toledo katika jumba la Uffizi, Florence, huanza kuhesabu lulu. Zipo tele: shingoni, mabegani, hata kichwani. Agnolo Bronzino alimchora mke huyu wa mtawala Cosimo I de' Medici mnamo mwaka 1545 hivi, pamoja na mwanawe Giovanni. Mjuzi huziacha lulu kwanza, akalitazama gauni.

Kitambaa ndicho kinachomfichua mchoraji. Mahameli humeza mwanga, satini huurudisha, uzi wa dhahabu huumetesha vipandevipande. Bronzino ameyatenganisha yote matatu, na nakshi kubwa ya komamanga imetulia kifuani utadhani imefumwa papo hapo. Fundi hafifu hupaka rangi moja, kisha akaongeza mng'ao juu. Tazama pia mikono ya magauni ya enzi hiyo: mara nyingi ilikuwa vipande vya pekee vilivyofungwa begani kwa kamba, na shati jeupe la ndani likatokezwa kwenye nafasi zilizobaki. Mchoraji asiyejua nguo hukosea hapo. (Wengi waliamini Eleonora alizikwa na gauni hili, lakini nguo zilizotolewa kaburini mwake ni nyingine.)

Sasa lulu. Nyingi zilizopambia Ulaya zilitoka Ghuba ya Uajemi, na bei yake ilijulikana na kila aliyeitazama picha. Lulu mbaya ni duara jeupe lenye nukta. Lulu njema ina kivuli laini, nukta moja kali ya mwanga, na chini yake mwanga hafifu uliorudishwa na ngozi au nguo iliyo karibu. Katika picha ya Maddalena Doni, aliyoichora Raphael mnamo mwaka 1506 hivi, lulu ya kidani inaning'inia na uzito wake unaonekana.

Na dhahabu? Leon Battista Alberti aliandika mwaka 1435 kwamba sifa kubwa ni kuiiga dhahabu kwa rangi, si kubandika dhahabu yenyewe. Kipimo hicho bado ni kikali.

Lakini wingi wa vito si ushahidi wa ubora, wala wa hadhi. Mwaka 1538 Hans Holbein alitumwa Brussels kumchora Christina wa Denmark, mjane wa mtawala wa Milan, mwenye miaka 16, kwa kuwa Henry VIII wa Uingereza alikuwa akitafuta mke. Holbein alipewa saa tatu tu. Picha iliyotokana na kikao hicho, iliyopo National Gallery, London, ina nguo nyeusi ya maombolezo na pete ya yakuti nyekundu. Weusi wa satini na wa kitambaa kizito haulingani, manyoya yana joto lake, na mikono mitupu ndiyo inayovuta jicho. Kwa ufundi, ni kazi inayoipita nusu ya picha zilizosheheni vito.

Henry hakumwoa Christina. Picha aliibakiza.