Anayehesabu Vijana

Jioni, jua la Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya, likishalegea, kocha mmoja wa soka husimama kando ya uwanja wa vumbi na kuhesabu. Hana daftari. Kidole chake hupita juu ya vichwa: wa sandali za plastiki, wa glavu zilizotoboka, yule mrefu wa pekupeku. Kidole kikisita, huuliza, "Mwenzenu yuko wapi?" Wakinyamaza, mazoezi hayaanzi mpaka aliyekosekana atafutwe.

Kuhesabu alijifunza vitani, Sudan Kusini, akiwa bado mtoto. Huko watu walihesabiwa asubuhi ili kamanda ajue amebakiwa na bunduki ngapi. Hapa kambini, ambako majirani wamemfanya kiongozi wa bloku, kazi ni ileile lakini imegeuzwa nia: anahesabu ili asipotee mtu.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko yeye. Babu yangu kule Lodwar, kilomita 120 hivi kutoka hapa, hakuhesabu mbuzi kwa namba. Alisimama mlangoni pa zizi, mifugo ikapita, na giza lilipoingia alisema tu: yule mweusi wa sikio lililokatwa hajarudi. Namba humwambia mchungaji kwamba mmoja hayupo. Kumfahamu mnyama wake humwambia ni yupi, na akamtafute wapi.

Kambi yenyewe ilianza kwa malezi ya namna hiyo. Mwaka 1992 walifika maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu, baada ya kuondoka Ethiopia serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991. Wengi hawakuwa na wazazi. Wakubwa waliwapikia wadogo, na jioni waliangaliana nani yupo.

Dunia huwaona waliofika mbali. Ger Duany, aliyeshika bunduki utotoni kabla ya kuhamia Marekani na kuwa mwigizaji, mwaka 2015 alifanywa balozi mwema wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. James Nyang Chiengjiek alikimbia kwao akihofia kuingizwa jeshini akiwa mtoto. Mwanariadha wa Kenya Tegla Loroupe alipokuja kusaka wakimbiaji Kakuma, James akawa miongoni mwa waliochaguliwa, na mwaka 2016 akakimbia mita 400 kwenye Olimpiki ya Rio. Nawaheshimu sana. Hata hivyo, sifa yangu ya leo ni ya wale ambao hakuna kamera inayowafuata, wanaomjua kijana kwa mwendo wake akiwa mbali, na kwa kimya chake akiwa karibu.

Siku moja nilimfuata kocha alipokwenda kumtafuta kiungo wake. Tulimkuta barabarani, ameketi juu ya jiwe, kibegi magotini, akingoja gari la kwenda Lokichoggio na kisha mpakani. Nilitarajia mahubiri. Kocha aliketi karibu naye kwenye vumbi, wakatazama barabara kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mimi nilipelekwa na gari kama hilo. Nilikuwa mdogo kuliko wewe." Kisha akanyanyuka, akakichukua kibegi, akakibeba yeye mwenyewe.

Kijana akamfuata. Tulipofika uwanjani wenzake walikuwa bado wamekaa, mpira haujaguswa, na mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu. Kocha akaweka kibegi chini, akainua kidole, akahesabu upya tangu wa kwanza.