Kuuziwa Mbuzi kwenye Gunia

Kazi ya kusahihisha insha haimwachi mwalimu hata akistaafu. Kwa miaka mingi chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba insha hupimwa kwa mambo mawili: yale iliyoyasema, na yale iliyopaswa kuyasema ikayanyamazia. Kwa kipimo hicho hicho nayasoma siku hizi matangazo ya mali ya viwandani iliyokwisha kutumika, inayouzwa mtandaoni.

Sina ugomvi na soko lenyewe. Jiji, lililoanzia Nigeria mwaka 2014, lilinunua biashara ya OLX katika nchi 5 mwaka 2019, Tanzania ikiwamo. Leo fundi wa Mafinga anayetafuta mota au vyuma vya engo halazimiki kupanda basi hadi Gerezani, Dar es Salaam, ili kuuliza tu kama vipo. Mwenye kiwanda naye hupata fedha kwa kitu ambacho kingeoza uani. Hilo ni jema, na tulipongeze.

Lakini chukua tangazo la pipa. Huku Mbeya na Iringa pipa la lita 200 ni mali ya kila nyumba: hukinga maji ya mvua, huhifadhi mahindi, huchachushiwa pombe. Tangazo husema: pipa safi, imara, bei maelewano, piga simu. Sarufi haina kosa. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: kabla ya hapo pipa hili lilibeba nini?

Swali hilo si la mchezo katika nyanda zetu. Wilayani Chunya dhahabu huchenjuliwa kwa sianidi, na mashamba yetu ya viazi na mahindi hupigwa dawa za kuua wadudu. Pipa la mafuta ya kula na pipa la sumu, yakishaoshwa na kupigwa picha, ni mapacha. Plastiki hunyonya kemikali, na sabuni haiitoi yote. Ndiyo maana FAO hushauri chombo cha dawa kisuuzwe mara 3, kisha kitobolewe, kisije kikatumika tena kwa maji wala chakula. Picha, jamani, haina harufu.

Mtu ataniambia kwamba hata Mwanjelwa hakuna cheti. Ni kweli. Ila pale mnunuzi hufungua kifuniko akanusa, hutafuta alama ya fuvu, huuliza kibanda cha jirani, na muuzaji anajulikana anakoishi. Mtandao umeuondoa ukaguzi huo na mahali pake pamebaki wazi. Maonyo tuliyoyazoea, kwamba usilipe kabla ya kuona bidhaa na mkutane mahali pa hadhara, yanalinda mfuko wa mnunuzi. Tumbo la mtoto atakayekunywa maji ya pipa hilo halina mlinzi.

Huko Uholanzi, tangu mwaka 2017, Madaster hutunza pasipoti za vifaa vya majengo: kila kifaa na maelezo ya kilichomo. Sisi tuanze na mistari mitatu. Pipa lilibeba nini? Limetoka wapi? Lilioshwaje? Programu iwezayo kudai namba ya simu inaweza kudai na majibu hayo, na tangazo lisilo nayo lisipokewe.

Najua mwongo atadanganya. Hata hivyo uongo ulioandikwa ni ushahidi mbele ya NEMC na mbele ya hakimu. Kunyamaza hakumtii mtu hatiani kwa urahisi. Hiyo ndiyo faida ya kalamu ambayo mdomo hauna, na soko la mtandaoni, ambalo lote ni maandishi, lingeweza kuitumia kuliko soko lolote tulilopata kuwa nalo.

Hadi siku hiyo hapana budi tuulize wenyewe. Mpigie simu muuzaji, umwulize pipa lilibeba nini. Akijibu kwamba hajui, mwachie pipa lake.