Maneno ya Maradhi na Makisio ya Mashine

Mwaka 2019 kampuni ya Ada Health ya Berlin ilitoa kwa Kiswahili programu yake ya akili mnemba, ambayo humwuliza mtu dalili zake na kumkisia maradhi. Kazi hiyo ilishirikisha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na mfuko wa Fondation Botnar wa Uswisi. Hatua hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, yapasa kuuliza kama kulitafsiri swali ni sawa na kumwuliza mgonjwa.

Lichukuliwe neno “kuuma”. Katika kamusi laonekana kutosha kwa kila maumivu. Kinywani mwa mgonjwa halitoshi. Tumbo husokota, hukata au hunyonga. Kichwa hugonga au hupwita. Jicho huwasha au huchoma. Tofauti hizo si mapambo ya lugha, bali ndizo dalili zenyewe. Tena asemaye “moyo unaniuma” aweza kuwa mgonjwa, na aweza kuwa mfiwa.

Makosa ya maana huweza kuwa ya hatari. Uchunguzi wa Makemba, Winch na wenzao, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba huko Bagamoyo degedege ilihesabiwa kuwa maradhi mbali na malaria, yenye asili yake na waganga wake. Mzazi wa fikira hiyo, akiulizwa juu ya malaria peke yake, atakana kwa unyofu kabisa, na mashine itakisia vibaya ingawa hakusema uongo.

Katika uwanda wa kati jambo lazidi kuwa gumu. Wagogo wana Kigogo, Warangi wa Kondoa wana Kirangi, na Wasandawe wana lugha ya vidoko isiyo na udugu na Kibantu. Kwa wazee wengi Kiswahili ni lugha ya soko na ofisi. Uchungu husemwa kwa lugha ya nyumbani. Huko Kongwa, ambako trakoma, yaani vikope, imechunguzwa tangu miaka ya 1980, ugonjwa huo huwaelemea zaidi wanawake, kwa kuwa ndio walezi wa watoto. Bibi wa namna hiyo ndiye ahitajiye makisio ya mapema, naye ndiye ambaye maneno yake hayamo.

Mwaka 2019 Obermeyer na wenzake walionyesha kwamba huko Marekani programu moja ilipima haja ya matibabu kwa gharama zilizokwisha kutumika. Kwa kuwa watu weusi walitumiwa fedha kidogo, walihesabiwa wazima kuliko walivyokuwa. Basi kisichoandikwa huhesabiwa kuwa hakipo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini aliyekosa neno hakuficha kitu.

Kwa hiyo usawa wa afya hauanzi katika mashine. Yafaa wanaleksikografia wakae na wauguzi katika zahanati za Kongwa, Bahi na Chemba, wakusanye maneno ya wagonjwa kama yanavyotamkwa, ndipo maswali yatungwe. Programu isiyopitia njia hiyo, hata ikiwa na Kiswahili sanifu, itawafaa kwanza wale ambao tayari wajua kusema na daktari.