Mbwa wa Chuma Aliyeninyima Usingizi

Jamani, ahirisheni mnachosoma! Manga ya One Piece imeshapita juzuu 100, haina haraka, itawangoja. Nimemsoma mwandishi Dilman Dila kwa mara ya kwanza na bado nimeshika kichwa. Mzaliwa wa Tororo, mtu wa hapahapa Uganda, anaandika roboti, mizimu na mbu wauaji miaka yote hii, nami niko Kampala nawangoja Wajapani wanisimulie habari za mizimu!

Kilichonikamata ni "Red_Bati", hadithi fupi iliyomo katika Dominion, mkusanyo wa mwaka 2020 uliohaririwa na Zelda Knight na Oghenechovwe Donald Ekpeki. Red_Bati ni mbwa. Mbwa roboti. Aliundwa awe mwenzi wa bibi kizee, baadaye akageuzwa mchimba madini huko angani, akaumia, na sasa amewekwa stoo ndani ya chombo cha anga kwa kuwa hana faida tena. Betri inakwisha. Basi, kisa chote sikisimulii, na mwisho wake simwambii mtu hata kwa soda. Hakuna majeshi ya sayari kumi wala mteule aliyetabiriwa. Kuna mlio wa betri, na roboti anayepiga hesabu ya kila tone la nguvu lililobaki. Aliyewahi kukatikiwa umeme mtaa mzima, simu iko asilimia tatu, na simu ya maana bado hajaipiga, atasoma kurasa zile roho ikiwa juu juu.

Halafu kuna huyo bibi! Mwenyewe hayupo tena. Kilichobaki ni taswira yake ya mwanga ambayo mbwa huzungumza nayo. Betri ikilia, bibi anafifia. Nilisoma mahali hapo, nikarudi juu, nikasoma tena. Mwandishi mwingine angemwaga kurasa za machozi. Dila anamfifisha bibi, kisha anaendelea na shughuli.

Ndipo nikaisaka A Killing in the Sun, mkusanyo wake wa 2014. Ndani yake kuna "The Leafy Man": mbu waliochezewa vinasaba maabara ili wakomeshe malaria wanageuka na kuwala watu. Uganda, nchi ambako kila nyumba ina chandarua na kila mtu ana kisa chake cha malaria! Hofu hii huwezi kuiagiza kutoka nje, na Dila haiombei radhi wala kuitafsiria mgeni. Mganga na mwanasayansi wanakaa benchi moja, na hakuna anayemcheka mwenzake. Kama lazima nilalamike, nitalalamikia miisho: baadhi ya hadithi zinafungwa mbio mbio, kama teksi inayomshusha abiria kabla ya stendi. Lakini nimesamehe. Mwaka 2023 alitoa mkusanyo mwingine, Where Rivers Go to Die, ukaingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Philip K. Dick. Huo ndio niko mbioni kuupata, na ukiuona mkononi mwa mtu, mwambie tunafahamiana.

Najua swali lenu, wapenzi wa manga: michoro iko wapi? Subirini. Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za katuni kutoka nchi sita za Afrika, na ya Uganda ni Herderboy ya Raymond Malinga na studio yake ya Creatures. Wachungaji nusu mtu nusu mashine, pembezoni mwa ufalme wa Wachwezi, wanalinda ng'ombe dhidi ya mizimu! Mtoto anayetaka kujiunga nao anaitwa Ndahura, jina la mfalme wa Wachwezi katika masimulizi, ambaye mkewe, wanasema, ndiye Nakayima aliyeupa jina ule mti mkubwa wa Mubende. Malinga haelezi hayo. Anakupa jina na kuendelea mbele, kama wachoraji wa Japani wanavyokutupia pepo wao bila kukuuliza kama unawajua. Na ng'ombe wamepewa heshima yao! Hiromu Arakawa wa Fullmetal Alchemist, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido na ambaye hujichora mwenyewe kama ng'ombe, angewaelewa wafugaji wa Ankole bila mkalimani.

Sasa niachieni nikasirike kidogo. Herderboy ilipotoka, Disney+ yenyewe haikuwepo Uganda. Katuni ya watu wa Kampala, na Kampala inaitazama kwa mlango wa uani! Vitabu navyo vinachapishwa mbali, vinarudi kwetu vikiwa na bei ya mgeni. Manga? Tunasoma kwenye simu, na ile programu ya wachapishaji wa Japani, Shueisha, iliyoanza 2019 ina lugha kadhaa, Kiswahili hakimo.

Ilhali Barabara ya Nasser ipo hapahapa Kampala! Mtaa mzima wa mashine za kuchapa, kadi za harusi, kalenda, risiti. Na yale mabango yake, jamani: kiongozi amebandikiwa gwanda na bunduki ambayo hajawahi kuishika, nyuma yake vifaru na ndege za kivita, rangi zinapiga kelele, picha ndogondogo zimezunguka pembeni kila moja na maelezo yake. Hiyo tayari ni katuni! Mtu anayepanga bango lile anajua kupanga ukurasa, na wanunuzi anao tangu zamani. Katika vibanda vya video nako VJ ametuzoesha kusimuliwa filamu ya kigeni kwa Kiganda, utani juu ya utani. Sauti ya VJ Emmie ndiyo nusu ya raha ya Who Killed Captain Alex?, filamu yetu wenyewe ya mtaa wa Wakaliga, Kampala, ya mwaka 2010. Wasimulizi tunao, wachoraji tunao, wachapaji wako umbali wa nauli ya boda.

Kwa hiyo, mchoraji yeyote anayesoma hapa: mtafute Dila, muombe ruhusa, nipe "Red_Bati" kurasa kumi na sita, nyeusi na nyeupe, karatasi ya gazeti, pini mbili mgongoni, kwa bei ya rolex mbili za Wandegeya, zile chapati za mayai. Nitanunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kuazimisha, maana ya kuazimisha hairudi.