Osmo Pocket 3 Imetua Mwanza: Tubadilishe Kamera ya Nyumbani?

Tubadilishe! Nalisema mapema, maana siwezi kulizuia. Nimeishika DJI Osmo Pocket 3, nimepanda nayo kivuko cha Kamanga, nimeingia nayo katikati ya ngoma kule Bujora, nimeiweka mezani barazani kwetu Nyegezi giza likiingia, na bado naitazama nisiamini kwamba kitu cha gramu 179 ndicho kilichofanya kazi yote hiyo. Ilizinduliwa Oktoba 2023, kwa hiyo kuna watakaosema si habari tena. Kwa familia ambayo kamera yake ni Handycam ya kanda za MiniDV, na ziko nyingi tu hapa Mwanza zimefungwa kwenye mabegi juu ya makabati, hii ni habari kubwa.

Kwanza niwaambie inavyowaka, maana hapo ndipo iliponimaliza. Haina haja ya kubonyeza chochote. Kioo chake cha inchi 2 kimesimama wima. Unakizungusha kwa kidole gumba kilale, na papo hapo kichwa kidogo cha lenzi kinaamka, kinainuka, kinageuka huku na huku kisha kinatulia kimekutazama. Uko tayari kurekodi. Mtoto akianza kucheka, utakiwahi kicheko. Ile Handycam yetu, mpaka ufungue kifuniko, usubiri kanda ijivute, mtoto ameshalia.

Kivukoni nilisimama ubavuni, karibu na injini, mahali ambapo hata chai kwenye kikombe haitulii. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka wote. Picha haikutetemeka hata kidogo! Lenzi inaning'inia kwenye mota tatu, na kila mkono ukienda kulia, mota zinairudisha kushoto. Najua utasema simu za siku hizi nazo zinatuliza picha. Ni kweli, mchana. Simu nyingi hutuliza kwa kukata na kupanga upya picha iliyokwisha kupigwa, na jua likizama kila fremu inakaa wazi muda mrefu zaidi, mtikisiko unaingia ndani yake kama ukungu, na hakuna hesabu ya kuutoa humo. Kwenye Pocket 3 lenzi yenyewe ndiyo inayotulizwa, kabla picha haijapigwa. Nilipita karibu na mama aliyekuwa na beseni la sato miguuni, naye akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni maiki?" Nikamwonyesha. Kwenye kioo magamba ya wale sato yalikuwa yanahesabika, moja moja, na tone la maji likiteremka kwenye ukingo wa beseni. Tukacheka wote wawili.

Kuna hesabu moja nimeipenda sana. Kanda ya MiniDV kwa mfumo wetu wa PAL inabeba picha ya nukta 720 kwa 576. Pocket 3 inarekodi 4K, yaani 3840 kwa 2160. Zidisha, kisha gawanya: ni mara 20 kamili. Ndiyo maana magamba yanahesabika! Halafu kihisi chake cha mwanga ni cha inchi 1, na ukikilinganisha na kijidude kilichokuwa ndani ya Handycam za nyumbani, ni kama sinia na kisosi. Kwetu huku jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu tupo karibu na ikweta na jua halina subira. Likishagusa maji nyuma ya Bismarck Rock, muda si mrefu ni usiku. Zamani hapo ndipo tulipokuwa tunafunga begi. Sasa hapo ndipo ninapoanza!

Bujora ndiko nilikokwenda kuitafutia kosa. Ni pale Kisesa, barabara ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada, na ambako sikukuu ya Bulabo huvikutanisha vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu kila mwaka baada ya mavuno. Bugobogobo si ngoma ya kupigia video ukiwa umesimama mbali. Majembe yanarushwa, yanazunguka hewani, yanadakwa, vumbi linatimka, na utamu wake wote uko kati ya mkono na mpini. Nikaingia. Nikapunguza mwendo: inarekodi 4K hadi fremu 120 kwa sekunde, kwa hiyo ukiicheza kwa 25 unapata mwendo wa taratibu karibu mara tano. Jembe linaonekana likiuacha mkono, bapa lake likigeuka, likimeremeta mara moja tu likikutana na jua, na vidole vya mchezaji vikiwa vimeshafunguka kulingoja. Macho yake hayako kwenye jembe hata kidogo! Nimeiona ngoma hii tangu utotoni na hilo sikuwahi kuliona.

Hebu sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko nilikoamua. Katika kila familia yupo mpiga video mmoja, na huyo hayumo kwenye video. Kipaimara hayumo, Krismasi hayumo, siku ya mahari hayumo. Anasikika tu nyuma ya kamera akisema "Bibi, tazama huku." Kwetu ni mimi. Nimeiweka Pocket 3 juu ya stendi ndogo pembeni ya jagi la maji, nikagusa uso wangu kwenye kioo, nikaenda kukaa mkekani miguuni pa bibi. Kamera ikanifuata. Nilipoinuka kumletea bibi kanga ikageuka nami, niliporudi ikarudi. Na kwa kuwa ni kitu kidogo kisichotisha, bibi aliisahau, akasimulia habari za ng'ombe wa baba yake kwa sauti ileile anayoitumia pasipo wageni. Miaka yote niliyomrekodi kwa kamera kubwa alikuwa anakaa kama yuko studio ya pasipoti. Niseme kwa haki: hata kama isingekuwa na kitu kingine chochote, ningeinunua kwa hilo.

Ina mapungufu, na mawili ni makubwa. La kwanza, haina zumu ya lenzi. Handycam ya zamani inavuta mara kumi au zaidi. Hii inaona kwa upana, basi. Kama wewe ni wa kukaa nyuma kabisa kanisani na kumvuta mwanao akiwa mbele ya askofu, kaa na yako ya zamani, au ukubali kusogea mbele. La pili ni maji. Haizuii maji, na ile mota ikinyweshwa wimbi la ziwa huna kamera tena. Kwenye mtumbwi ifunge mfukoni mpaka mtulie. Betri nayo imejengewa ndani, huwezi kubeba ya akiba ukabadilisha. Ila inajaa haraka ajabu, asilimia 80 kwa dakika 16, mradi uwe na chaja yenye nguvu ya kutosha, siyo ile ya simu ya kawaida.

Na kuna mpangilio mmoja uufanye kabla hujarekodi ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu hupepesa mara 100 kila sekunde. Ukiiacha kamera kwenye fremu 30 au 60, ukuta wa ukumbi unaweza kupiga mawimbi meusi kwenye video nzima ya send-off. Weka 25 au 50, shata iwe 1/50 au 1/100, wimbi linaisha.

Bei? Ilipozinduliwa, kwa Marekani ilikuwa dola 519, kwa thamani ya shilingi ya wakati ule kama milioni moja na laki tatu, kabla hujalipia usafiri na ushuru. Juu yake weka memori kadi, kwa sababu ndani haina hifadhi yoyote, na 4K kwa ubora wa juu inakula karibu GB moja kila dakika. Saa moja ya harusi ni GB 58. Kanda ya MiniDV ya saa moja ilikuwa GB 13 tu! Kwa hiyo diski ya nje iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ukibakiwa na akiba, nunua maiki yake ya kubana kwenye nguo kabla ya kitu kingine chochote. Upepo wa Capri Point haumwonei huruma mtu.

Handycam usiuze. Ndiyo inayocheza kanda zako, na kompyuta mpya hazina tena tundu la FireWire la kuzipokea, kwa hiyo tafuta sasa hivi fundi mwenye mashine ya zamani azihamishe zote kabla ukungu wa ziwani haujazila. Kwenye za kwetu ipo foleni ya kivuko cha Busisi, magari yamejipanga mpaka kwa wauza mahindi, baba akiwa amekaa juu ya boneti. Foleni hiyo huwezi kuirekodi tena kwa kamera yoyote: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na Jumamosi hii nalivuka na Pocket 3 mkononi, watoto wamekaa nyuma, nami nimo kwenye picha.