Mwenye Nyumba na Zimwi: Selina wa Rebeka Njau Asomwapo Noonkopir

Wahakiki wa riwaya ya kigothi ya Ulaya wamezoea kuanza na jumba. Katika Jane Eyre (1847) ya Charlotte Brontë, mke wa Rochester amefungiwa orofa ya juu, na mchumba yumo nyumba ile ile bila kujua. Kitisho kimo ndani ya kuta, na kuta ni mali ya mume.

Kipimo hiki hakifai kuhamishiwa Kajiado kikiwa kizima. Kwa desturi ya Wamaasai, mwanamke ndiye aliyejenga nyumba, kwa fito, udongo na samadi, naye ndiye mwenyewe. Mifugo ni ya mume. Haishangazi basi kwamba katika ngano zao, ambazo Naomi Kipury alizikusanya katika kitabu chake cha 1983, zimwi ni kiumbe wa porini. Hutisha kwa kuwa laingilia nyumba yenye mwenyewe.

Rebeka Njau, katika Ripples in the Pool (1975), anasimama kati ya mapokeo haya mawili. Selina, mwanamke wa mjini, anaolewa na Gikere na kumfuata kijijini, ambako mama mkwe hamtaki. Hatimaye anamwua Gaciru, wifi yake. Ni rahisi kumhukumu Selina kuwa zimwi lenyewe, na usomaji huo ni mwepisi mno. Hata kwa Wagikuyu wa kale kila mke alikuwa na nyumba yake; Selina anatakiwa awe mke kamili katika boma ambalo hana lake. Udhaifu wa riwaya ni kwamba kidimbwi kitakatifu kimetwishwa mzigo mkubwa kupita kiasi: kinaeleza mambo ambayo jiko na chumba cha kulala vingeyaeleza vizuri zaidi.

Noonkopir ni mahali pafaapo kuisoma riwaya hii. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na hati zikaenda kwa wanachama walioandikishwa, wengi wao wanaume. Leo nyumba za mawe zimejipanga kando ya barabara ya Namanga, kazi ya mafundi wa kulipwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mke kabla makao hayajauzwa, jambo jema. Lakini kuidhinisha si kujenga. Mtafiti atakayewaendea wasimulizi wa hapo na awaulize: siku hizi zimwi huingilia mlango upi?