Picha Iliyotoa Ushahidi

Msomaji, ukiambiwa kuwa picha fulani ni nzuri, huna budi kuuliza: nzuri kwa kazi gani? Picha tutakayoipima hapa ilichorwa mwaka 1997 huko Australia Magharibi, katika Jangwa Kuu la Mchanga. Ukubwa wake ni mita 8 kwa 10. Wachoraji wake walipata 40, wake kwa waume, wenyeji wa asili wa lugha za Walmajarri, Wangkajunga, Mangala na Juwaliny. Huitwa Turubai la Ngurrara. Na ngurrara, kwa lugha yao, ni nchi ya mtu, yaani kwao.

Yafaa kwanza ujue sababu ya kuchorwa kwake. Kwa zaidi ya miaka 200 sheria ya Waingereza waliohamia huko iliihesabu Australia kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, Mahakama Kuu iliikataa rai hiyo, na sheria ya 1993 ikawafungulia wenyeji njia ya kudai haki yao. Lakini mdai alitakiwa kuthibitisha uhusiano wake na ardhi kwa mila za wazee wake. Watu wa jangwani hawakuwa na hati. Walitandika turubai chini, kila mmoja akachora mahali pake mwenyewe. Kisha, mbele ya baraza la kusikiliza madai, akasimama juu ya sehemu yake na kuieleza kwa lugha yake.

Wako watakaoitazama wakaona mapambo tu. Wengine, waliozoea ramani za darasani, watailaumu kuwa haina kipimo wala mshale wa kaskazini. Hukumu zote mbili zina kasoro moja: zaipima kazi kwa kibaba kisicho chake. Jangwani jambo la kwanza si umbali, bali maji. Watu hawa hutofautisha jila, yaani maji yasiyokauka, na jumu, maji ya kufukua mchangani ambayo huja na kutoweka kwa majira. Msafiri atakayevichanganya viwili hivyo huenda asifike aendako. Hapo ujuzi wa maumbile na uzuri wa sanaa vimekuwa kitu kimoja: alama ya kisima haikuwekwa ipendeze, imewekwa kwa kuwa maji yapo, nayo ikapendeza.

Hata hivyo, picha hii ina mpaka wake. Ikitundikwa peke yake haimsemeshi mgeni. Nusu ya kazi imo katika sauti ya aliyesimama juu yake: majina ya visima, habari za nyoka wa mvua wakaao humo, na nani amerithi kwa nani. Anayezisifu rangi na kuisahau sauti hiyo amesifu ganda, akaacha kokwa.

Mwaka 2007 Mahakama ya Shirikisho iliitambua haki ya watu wa Ngurrara katika nchi yao. Baadhi ya waliochora hawakuishi kuiona siku hiyo.

Basi, utakapopewa picha au shairi la watu wengine ulipime, usitangulize rula yako. Uliza kwanza wenyewe walitafuta nini, kisha utazame kama wamekipata. Hawa walitafuta kuonyesha kwamba wayajua maji ya kwao, na kila mmoja aliweza kuyasimamia kwa miguu yake.